Kununua kazi za mikono katika safari

Watu wakisafiri hupenda kurudi na kitu kidogo cha kuonyesha nyumbani. Mmoja hununua kikapu, mwingine kikuku, mwingine jiwe zuri. Kitu hicho huitwa ukumbusho, maana kila anapokitazama, mwenyewe hukumbuka inchi aliyoiona na watu aliokutana nao.

Lakini si kila kitu kinachouzwa sokoni ni cha kweli, wala si kila bei ni ya haki. Mnunuzi mwenye akili hujiuliza mambo matatu. Kitu hiki kimefanywa kwa nini? Aliyekifanya amepata nini kwa kazi yake? Je, ni halali kukichukua? Twende pamoja katika soko la Lubumbashi, mji mkubwa wa Katanga, tupate kujibu.

Jiwe la kijani

Kule Lubumbashi wageni wengi hutafuta malakiti. Ni jiwe la kijani lenye mistari: mingine hafifu, mingine karibu myeusi. Malakiti huonekana mahali penye shaba, kwa sababu jiwe lenyewe lina shaba ndani yake. Kilo moja ya malakiti safi ina zaidi ya nusu kilo ya shaba.

Wazee wa Katanga walijua jambo hilo tangu zamani. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakatia mawe na makaa, wakavuvia moto kwa mivuo mpaka shaba ikayeyuka. Kisha waliimimina katika kalibu zenye umbo la msalaba. Misalaba hiyo ya shaba ilikuwa feza yao. Huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbaji wa mambo ya kale waliiona katika makaburi ya karne ya 14 na ya 15.

Siku hizi mafundi hukata malakiti kwa msumeno, huisugua kwa msasa, huisugua tena mpaka ing'ae. Hufanya shanga, visanduku na sanamu za nyama. Fundi mwenye hekima humwagia jiwe maji anapolikata, maana vumbi la malakiti ni baya kwa mapafu.

Kuna pia malakiti ya uongo, ya plastiki yenye rangi. Utaitambuaje? Kwanza, ipime mkononi. Malakiti ya kweli ni nzito sana, karibu mara nne kupita maji ya ukubwa uleule. Plastiki ni nyepesi. Pili, iweke shavuni. Jiwe ni baridi, plastiki hupata joto upesi. Tatu, tazama mistari. Mawe mawili hayana mistari sawasawa kabisa. Ukiona visanduku kumi vyenye mistari ileile, ujue vimetoka katika mashini.

Je, unataka kikuku cha shaba? Chukua sumaku ndogo. Sumaku haivuti shaba. Ikikivuta kikuku, ndani mna chuma, na shaba ni ya kukifunika tu.

Bei ya haki

Sokoni watu hupatana bei. Kupatana bei si ugomvi; ni mazungumzo. Sikilizeni:

— Jambo, Mama. Mkufu huu ni bei gani?

— Jambo, mtoto wangu. Ni franka elfu thelathini.

— Mama, bei hii ni kali. Unipunguzie kidogo.

— Sema yako, nisikie.

— Nitatoa elfu kumi na nane.

— Aa, mtoto wangu, unataka tulale na njaa? Lete elfu ishirini na nne, nami nitakupa shanga moja ya matabishi.

Wengine husema: mnunuzi mwerevu ni yule anayeshusha bei mpaka chini kabisa. Tufanye hesabu, tuone kama ni kweli. Tuseme fundi wa mkufu ule, mume wa Mama yule, alinunua jiwe kwa franka 12 000, na msasa na uzi kwa franka 3 000. Jumla ni franka 15 000. Alifanya kazi siku tatu. Mkufu ukiuzwa kwa 24 000, zinabaki 9 000, ndiyo kusema 3 000 kwa kila siku ya kazi. Ukiuzwa kwa 18 000, zinabaki 3 000 tu, ndiyo kusema 1 000 kwa siku. Mnunuzi ameokoa franka 6 000 na kufurahi. Lakini franka hizo zimetoka katika chungu cha fundi.

Katika soko hilohilo utaona vitambaa vya Wakuba, watu wa Kasai. Wanaume hufuma kitambaa kwa nyuzi za majani ya mti uitwao rafia. Kisha wanawake hutia nakshi. Mwanamke hupitisha uzi kwa sindano, huukata kwa kisu kidogo, hupitisha mwingine, mpaka kitambaa kiwe laini kama manyoya. Kitambaa kidogo tu huweza kuchukua majuma mengi. Asiyejua kazi hiyo husema: «Kitambaa kidogo hiki, bei kubwa namna hii!» Anayeijua hatasema hivyo.

Muuzaji naye ana wajibu wake. Asimpandishie mgeni bei mara tano kwa sababu ni mgeni. Asiuze plastiki kwa jina la jiwe. Mgeni aliyedanganywa hatarudi, tena atawaambia wenzake, na mafundi wote wa mji watapata hasara kwa uongo wa mtu mmoja.

Vitu vya kukataa

Viko vitu ambavyo hatuvinunui hata vikiwa vizuri, hata bei ikiwa ndogo.

Cha kwanza ni pembe ya tembo. Sehemu ya tatu ya pembe imo ndani ya kichwa, haionekani. Kwa hiyo mwindaji anayetaka pembe yote humwua tembo. Mwaka 1989 mataifa mengi yalipatana kukataza biashara ya pembe kati ya inchi na inchi, na katazo likaanza mwaka 1990. Msafiri akikutwa na kikuku cha pembe mpakani, watu wa duane watamnyang'anya, na pengine atashtakiwa. Ni vivyo hivyo kwa ngozi ya chui. Mtu akisema, «Nyama huyu amekwisha kufa, nikinunua kuna ubaya gani?», mjibuni hivi: feza zako ndizo zitakazomrudisha mwindaji porini.

Cha pili ni vinyago vya kale na vitu vya heshima vya kijiji. Kinyago kipya, alichokichonga fundi apate kukiuza, mnaweza kukinunua bila shaka. Lakini kile cha wazee, kilichotolewa kijijini kwa siri, si mali ya mchuuzi. Kikivuka mpaka, watoto wa kijiji hawatakiona tena. Vitu vingi vya Kongo vilikwenda Ulaya namna hii. Mwaka 2022 Philippe, mfalme wa Ubelgiji, alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku, kiitwacho Kakuungu, akakikabidhi nyumba ya makumbusho ya taifa. Hata hivyo kilitolewa kama mkopo usio na mwisho. Basi kitu kikishatoka, kukirudisha ni kazi ngumu.

Tena, wachuuzi wengine hupaka kinyago kipya udongo na kukitundika juu ya moshi kionekane cha zamani. Ndiyo kusema, anayetafuta vya kale huweza kuwa mshiriki wa wizi, ama huweza kudanganywa.

Siku mtakaposafiri, msione haya kumwuliza muuzaji: «Nani alifanya kitu hiki? Kilimchukua siku ngapi?» Fundi wa kweli hupenda kuulizwa, naye atawaeleza kazi yake kwa furaha. Hapo mtarudi nyumbani na kitu mkononi, na habari zake pia za kuwasimulia wadogo zenu.

Maulizo

1. Taja njia tatu za kutambua malakiti ya kweli.
2. Mkufu wa hesabu yetu ukiuzwa kwa franka 21 000, fundi atapata ngapi kwa siku moja?
3. Kwa nini tunakataa kununua pembe ya tembo, hata kama tembo amekwisha kufa?
4. Katika kijiji chenu watu hufanya kazi gani za mikono? Mwulize fundi mmoja kazi yake huchukua siku ngapi.