Likizo ya Kipupwe: Kutoka Eldoret Mpaka Gedi

Ndugu mkulima, mwezi wa Julai hapa Uasin Gishu waujua: ukungu asubuhi, mvua alasiri, na makoti mazito hata kando ya meko. Mahindi yamekwisha kupaliliwa, na mavuno bado. Huo ndio wakati wa kutembea. Lakini wengi wetu husema, "Nani atakamua ng'ombe?"

Swali hilo si la kuchekwa. Mwaka mmoja niliondoka bila kupanga vizuri, nikarudi nikakuta ng'ombe wangu bora ana ugonjwa wa kiwele. Chuchu moja haikutoa maziwa tena. Safari ya pili nilimwita jirani wiki moja kabla, tukakamua pamoja mpaka ng'ombe wakamzoea. Mwezi wa Agosti nami nikamkamulia wake. Fanya hivyo nawe.

Basi tukaenda, mimi, mke wangu na baba yangu, ambaye hakuwa ameona bahari. Tulishuka kwa basi mpaka Nairobi, kisha kwa reli iliyofunguliwa mwaka 2017 mpaka Mombasa. Huko tulivua makoti. Kipupwe cha pwani ni upepo wa kusi na mawimbi makubwa, si baridi kama yetu. Kutoka hapo tulifuata njia ya Kilifi, kati ya minazi na mikorosho, karibu kilomita 100, mpaka Gedi.

Gedi ni mji wa kale wa Waswahili, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ulistawi sana katika karne ya 15, na watu wakauhama katika karne ya 17. Mwaka 2024 UNESCO iliutia katika urithi wa dunia. Utaona msikiti mkuu, jumba la mfalme, na visima vingi.

Baba hakujali sana majumba. Aliinama juu ya kisima kikavu. "Maji yalikwenda wapi?" akauliza. Wengine husema mji uliharibiwa na vita. Wengine husema maji ya visima yalipungua.

Alinyamaza mpaka jioni, kisha akasema, "Sisi yanatupita mlangoni, yakibeba udongo wetu mpaka mto Sosiani."

Tuliporudi, kazi ya kwanza ilikuwa kutengeneza matuta ya kukinga maji, yaliyobomoka miaka mingi. Mzee mwenyewe alishika jembe.

Tembea uone, ndugu. Lakini kwanza mpate wa kukamua.