Chakula Kinachobaki Mitundu Hakibaki Dukani

Tarehe 11 Februari 2016 Ufaransa ilipitisha sheria ambayo hadi leo haikosekani kwenye mjadala wowote wa njaa na chakula kinachotupwa. Supamaketi yenye eneo la mauzo linalozidi mita za mraba 400 ilitakiwa kuingia mkataba na shirika la hisani, ili chakula kilichokosa mnunuzi na bado kinalika kiwafikie wahitaji. Kukiharibu kwa makusudi kukapigwa marufuku. Kabla ya hapo baadhi ya maduka yalikuwa yakimwagia jiki chakula kilichotupwa, ili wanaopekua mapipa usiku wasiweze kukila. Diwani wa mji wa Courbevoie, Arash Derambarsh, aliendesha kampeni ya saini. Mbunge Guillaume Garot, ambaye amewahi kuwa waziri wa masuala ya chakula, akausukuma muswada bungeni, na ukapita bila kupingwa.

Tangu hapo na sisi tumekuwa tukiulizana: Tanzania inashindwa nini? Swali ni halali. Ila sheria yoyote ya chakula hujulikana uzito wake inapofika kijijini, kwa hiyo naomba hii tuipeleke Mitundu.

Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Itigi, wilayani Manyoni, mkoani Singida, kusini mwa reli ya kati. Watu wanalima mahindi, alizeti, karanga na tumbaku, wanafuga, na wanarina asali. Duka la mita za mraba 400 hulipati. Duka la huko ni chumba kimoja chenye kaunta; sukari inauzwa robo, mafuta ya kula ni ya kupima, na mwenye duka haagizi kitu asichojua nani atakinunua. Mkate ukilala siku mbili unashushwa bei, ukishindikana watoto wake wanaunywea chai. Nyanya zikilegea gengeni, mama ntilie anazichukua fungu zima kwa bei ya hasara na zinaishia kwenye mchuzi wa maharage mchana uleule. Ugali wa jana ni kiporo cha leo, na makoko ni ya kuku. Ukilitafuta pipa lililojaa chakula kizuri nyuma ya duka, utazunguka mpaka jua lizame.

Hata mijini supamaketi hazijawahi kukishika chakula chetu. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania mwaka 2014, Uchumi ya Kenya ikafunga yake mwaka 2015, Nakumatt nayo ikafuata, na mji wa Dar es Salaam haukulala njaa hata siku moja kwa sababu hiyo. Watu waliendelea kununua sokoni, gengeni na kwa Mangi. Ufaransa ni kinyume chake: sehemu kubwa ya chakula cha nchi nzima hupita kwenye milango ya kampuni chache kubwa. Serikali ikisimama kwenye milango hiyo, imekiona chakula. Sisi tukisimama hapo tutaona vitu vya makopo na jibini.

Takwimu za dunia zinasema jambo lilelile kwa namna nyingine. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, katika ripoti yake ya mwaka 2024 lilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula. Asilimia 60 zilitoka majumbani, 28 kwenye hoteli, migahawa na majiko ya taasisi, na 12 tu kwenye maduka. Hesabu hiyo, angalia vizuri, inaanzia dukani kwenda mezani. Kinachopotea kati ya shamba na duka huhesabiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, nalo inakiweka kwenye asilimia 13 hivi ya chakula chote duniani. Kwa Mitundu hiyo ya pili ndiyo habari yenyewe.

Kule mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Mahindi yanavunwa kuanzia Mei, na yanavunwa na kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo bei inalala. Mwenye deni la pembejeo au ada ya mtoto hawezi kusubiri; anamuuzia mlanguzi, mara nyingine kwa lumbesa, ingawa Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila mwaka. Gunia zinazobaki zinaingizwa ndani kusubiri bei ya Januari. Hicho ndicho chakula kisichouzwa cha Mitundu. Kimepangwa ukutani chumbani, na kina adui.

Adui huyo ni dumuzi. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mahali pa kwanza kugunduliwa Afrika ni mkoani Tabora, jirani wa Itigi, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kutoka hapo alisambaa nchi moja baada ya nyingine. Ana urefu wa milimita 3 au 4, rangi ya kahawia iliyokolea, na anatoboa punje, gunzi, hata miti ya kihenge. Dalili yake ni unga mweupe uliotuama chini ya gunia, unga ambao hakuna aliyeusaga. Watafiti waliopima mahindi ya gunzi huko Tabora mapema miaka ya 1980 walikuta yaliyopoteza hadi thuluthi moja ya uzito wake ndani ya miezi michache ya kuhifadhiwa. Hakuna supamaketi ya Paris inayopoteza kiasi hicho cha bidhaa yake na bado ikafungua milango kesho yake.

Dawa yake imeshajulikana, tena haihitaji sumu. Mifuko ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue wakifanya kazi Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, ina tabaka tatu: mbili za nailoni nzito ndani na kiroba cha kawaida nje. Unajaza mahindi tabaka la ndani kabisa, unayashindilia hewa itoke, unasokota shingo ya mfuko, unaikunja na kuifunga kamba. Halafu unarudia hivyohivyo kwa tabaka la pili, kisha la tatu. Wadudu waliomo wanaimaliza oksijeni wenyewe na kufa. Sharti ni moja, na hapo ndipo wengi wanapoharibu: mahindi yawe makavu. Ukifunga mahindi mabichi kwenye mfuko usiopitisha hewa umejitengenezea ukungu kwa gharama yako.

Unyevu wa mahindi ya kuhifadhi usizidi asilimia 13.5. Kipimo cha umeme kijijini ni nadra, lakini chupa na chumvi hazikosekani. Chukua chupa ya glasi iliyokauka kabisa, jaza mahindi mpaka thuluthi moja, weka vijiko vitatu au vinne vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika 2 au 3, kisha iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, unyevu umepita asilimia 15. Rudisha mahindi juani, juu ya turubai, siyo kwenye udongo. Chumvi ikianguka chini yote, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15; yaanike kidogo zaidi yafikie ile 13.5, kisha funga.

Naeleza haya kwa kirefu kwa sababu yanahusu hisani moja kwa moja. Aliye mhitaji Mitundu hapangi foleni mlangoni kwa shirika lenye majokofu. Yuko darasani. Mwongozo wa taifa wa chakula shuleni unaacha mchango mikononi mwa wazazi na jamii: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, kuni, na fedha kidogo ya mpishi. Kwa hiyo mgawaji wa hisani kijijini ni kamati ya shule, na ghala lake ni stoo ya shule. Sasa jiulize mzazi mwenye gunia nne, tatu safi na moja lililoanza kupiga ukungu, atapeleka lipi shuleni. Simlaumu mtu. Natazama tu hesabu ilivyo.

Ukungu wa mahindi na karanga huweza kutoa sumukuvu, sumu isiyoonekana, isiyo na ladha, na isiyoisha kwa kupikwa. Mwaka 2016 mlipuko wa ugonjwa wa sumukuvu ulipiga mikoa ya Dodoma na Manyara, Chemba na Kondoa zikiwemo, ambazo zimepakana na Singida. Wagonjwa 68 waliorodheshwa na 20 kati yao wakafa. Kenya iliona mabaya zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya mahindi, kiasi ambacho jicho haliwezi kukihukumu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja hiyohiyo, kabla ya kulegeza siku chache baadaye kwa masharti. Mahindi yaliyokataliwa mpakani huwa na bei ndogo sana, na kitu chenye bei ndogo sana ndicho kinachotolewa sadaka kwa moyo mkunjufu kabisa.

Hapa Wafaransa wana somo, na kwa maoni yangu ni zito kuliko ile amri yao maarufu. Sheria ya 2016 ililazimisha mkataba. Haikusema ni kiasi gani kitolewe. Duka liliweza kutia saini na kutoa kidogo. Mashirika nayo yakajikuta yanapokea makreti ya vitu vilivyobakiza siku moja, yakageuka wachambuzi wa taka za watu wengine. Kanuni iliyotolewa Desemba 2016 ikaziba pengo: uchambuzi ufanywe na duka lenyewe, chakula chenye tarehe ya mwisho kiwe kimebakiza angalau saa 48 isipokuwa shirika liwe na uwezo wa kukigawa kabla, na shirika liruhusiwe kukataa kisichofaa. Faini ya awali ya kuharibu chakula kinacholika ilikuwa euro 3,750. Mwaka 2020 ikapandishwa hadi kufikia asilimia 0.1 ya mauzo ya mwaka ya duka. Lakini mwenye duka alishakuwa na sababu nyingine ya kutoa tangu mapema: anayetoa hupunguziwa kodi kwa asilimia 60 ya thamani ya alichotoa, kwa ukomo maalumu. Italia, kwa sheria yake ya Agosti 2016, haikutaka hata faini. Ilirahisisha makaratasi na kulegeza kodi. Marekani tangu 1996 inamkinga kisheria mtoaji mwenye nia njema asishtakiwe endapo chakula kitaleta madhara bila uzembe mkubwa.

Kenya imekwenda karibu zaidi na hali yetu. Februari 2013, kwenye makao makuu ya UNEP jijini Nairobi, mawaziri na wajumbe wa kimataifa waliandaliwa chakula cha jioni kilichopikwa kwa mboga na matunda yaliyokataliwa na supamaketi za Uingereza kwa sababu ya umbo au urefu tu. Maharage machanga yalikuwa yakikatwa ncha zote mbili ili yalingane ndani ya pakiti, na kilichokatwa kikawa hasara ya mkulima. Leo shirika la Food Banking Kenya linafuata mazao ya aina hiyo mashambani na kwa wasafirishaji, na kuyapeleka shuleni na kwenye vituo vya watoto. Wao waliona mapema kwamba ziada ya nchi inayolima iko nyuma ya duka kwa mamia ya kilomita.

Kama ningeulizwa na madiwani wa Itigi, ningewaambia wasisubiri Bunge. Halmashauri ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo, na ina milango ambayo chakula chake hupita kweli: ghala la ushirika na geti la ushuru wa mazao. Msafirishaji mwenye shehena kubwa anapolipa ushuru pale, apewe njia ya kulipa sehemu yake kwa mahindi au maharage yaliyopimwa, yakaenda kwenye stoo ya shule iliyo karibu. Kwake ni unafuu. Kwa shule ni gunia ambalo lisingefika. Kitabu cha kupokelea kiwe na safu tatu: uzito, unyevu, na sababu ya kukataa pale shule inapokataa. Safu ya tatu ndiyo nisingekubali ifutwe hata kwa kubembelezwa. Mwalimu au mwenyekiti wa kamati asiye na haki ya kumwambia tajiri kwamba gunia lake lirudi atapokea kila kitu, na watoto watakinywa kwenye uji.

Mkakati wa Taifa wa usimamizi wa mazao baada ya kuvuna, wa 2019 hadi 2029, umeshayataja mengi ya haya kwa lugha ya serikali. Unakaribia mwisho. Mradi wa TANIPAC nao umefundisha habari za sumukuvu katika mikoa kadhaa. Kilichopungua ni vitu vya bei ndogo na vya kuudhi: turubai za kuanikia, mifuko ya PICS kufika madukani kabla ya Mei badala ya Agosti, na kipimo kimoja cha unyevu kwa kata ambacho hakifungiwi kabatini ofisini kwa mtendaji.

Na supamaketi je? Zile za Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Dodoma zibanwe, sina ugomvi na hilo. Ziingie mikataba na vituo vya watoto, Shirika la Viwango, TBS, liweke wazi kipi kinaruhusiwa kutolewa kikikaribia tarehe yake na kipi kiteketezwe, na kodi isimwadhibu anayetoa. Kazi hiyo ingewezekana ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Gari la mkate wa Dar es Salaam halitafika Mitundu likiwa na mkate unaolika, wala hakuna anayelihitaji lifike. Msimu wa kuvuna unaanza Mei, vikao vya bajeti vya halmashauri hufanyika miezi michache kabla yake, na mahindi ya shule ya mwaka kesho yanaamuliwa humo.