Kusasisha Kompyuta za Kazi: Funzo Kutoka Miteremko ya Uluguru

Katika mji wa Morogoro, ulio chini ya milima ya Uluguru, kazi nyingi zilizokuwa zikifanywa kwa daftari na kalamu leo hufanywa kwa kompyuta. Maduka ya pembejeo huandika ankara, shule hutunza alama za mitihani, na vyuo kama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, huhifadhi kumbukumbu za wanafunzi na za utafiti. Lakini kompyuta haibaki kama ilivyonunuliwa. Kila mwezi hupokea mabadiliko kutoka kwa watengenezaji walio mbali, na mara nyingine mabadiliko yaliyokusudiwa kuleta nafuu huleta hasara. Makala haya yanaeleza sababu za jambo hilo na namna ya kujikinga.

Mfumo endeshi na masasisho yake

Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoongoza sehemu zote za kompyuta: kumbukumbu, diski, skrini na printa. Programu nyingine zote husimama juu yake. Windows na Linux ni mifano ya mifumo hiyo. Kwa kuwa mfumo endeshi una mamilioni ya mistari ya maagizo iliyoandikwa na binadamu, haukosi makosa, na baadhi ya makosa hayo huwa mlango kwa wahalifu. Sasisho ni fungu la maagizo mapya yanayochukua nafasi ya yale yenye kasoro.

Kampuni ya Microsoft hutoa masasisho ya Windows Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu huwa ni saa 2 au saa 3 usiku, kutegemea majira ya kule. Ndiyo maana sasisho likiwa na kasoro, ofisi zetu aghalabu huigundua Jumatano asubuhi, wakati wateja wameshafika.

Kasoro hutoka wapi?

Mtengenezaji hulijaribu sasisho kabla ya kulitoa, lakini hawezi kujaribu kila mchanganyiko wa mashine, printa na programu uliopo duniani. Mwezi Machi 2021, sasisho la Windows lilizifanya baadhi ya kompyuta kuzimika ghafla kila zilipoamriwa kuchapa kwa printa fulani za Kyocera, Ricoh na Zebra. Asiyekuwa na printa hizo hakuona tatizo lolote. Kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2018, toleo jipya la Windows 10 lilifuta hati za baadhi ya watumiaji, hata Microsoft ikalisimamisha baada ya siku chache na kulitoa upya mwezi Novemba.

Msomaji wa Morogoro anaweza kulielewa jambo hili kwa kukumbuka historia ya milima yake. Kuanzia mwaka 1950, serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliendesha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Shabaha ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko wa udongo. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi. Matuta ya namna hiyo hufaa mahali penye udongo wa kina kirefu, lakini katika miteremko mingi ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Kuchimba kuliufukia udongo huo na kuleta juu udongo usiozaa. Mwezi Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Dawa moja ilikuwa imetolewa kwa ardhi za aina nyingi kabla ya kujaribiwa vya kutosha katika kila aina.

Siku ya tarehe 19 Julai 2024

Kosa la namna hiyo lilionekana duniani kote tarehe 19 Julai 2024. Halikutoka katika sasisho la Windows yenyewe, bali katika sasisho la programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, kampuni hiyo ilituma faili jipya. Maagizo ya faili hilo yalihitaji thamani 21, lakini programu ilikuwa imepewa 20 tu. Ilipotafuta ya 21, ilisoma mahali pa kumbukumbu pasipo halali, na Windows ikajisimamisha ili kuzuia madhara zaidi.

Faili liliondolewa baada ya dakika 78. Hata hivyo, kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kusimama. Ndege hazikuruka na hospitali ziliahirisha huduma. Kwa kuwa kompyuta iliyosimama haiwezi kupokea marekebisho kwa mtandao, mafundi walilazimika kuziendea nyingi kati yake moja baada ya nyingine. Baadaye kampuni iliamua kutoa masasisho ya aina hiyo kwa awamu.

Je, tuyakatae masasisho?

Hapana. Tarehe 12 Mei 2017 programu haribifu iitwayo WannaCry ilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia. Sasisho la kuziba mlango iliopitia lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wengi wa walioumia ni wale ambao hawakuliweka. Basi, anayeharakisha yuko hatarini, na anayepuuza yuko hatarini zaidi.

Hatua zinazofaa

Shule au biashara yenye kompyuta chache yaweza kufuata utaratibu huu:

(1) Kabla ya kusasisha, weka nakala ya kazi zote katika diski ya nje, kisha itenganishe na kompyuta.

(2) Chagua kompyuta moja isiyobeba kazi ya lazima, iwe shamba la majaribio. Iwekee sasisho kwanza.

(3) Kwa siku chache ijaribu kwa kazi halisi: chapa ankara, fungua daftari la hesabu, ingia mtandaoni. Soma pia orodha ya matatizo yanayojulikana, ambayo mtengenezaji huitangaza.

(4) Ikiwa salama, sasisha nyingine kwa mafungu, si zote kwa pamoja. Lakini kama mtengenezaji ameonya kuwa wahalifu wameanza kuutumia mlango husika, fupisha majaribio.

(5) Usisasishe wakati umeme si wa uhakika. Umeme ukikatika mafaili ya msingi yakiandikwa upya, mfumo mara nyingi hujirudisha ulivyokuwa, lakini si kila mara.

(6) Andika katika daftari tarehe, jina la sasisho na lililotokea.

Hatua ya sita yaweza kuwa kazi ya wanafunzi. Katika shule yenye chumba cha kompyuta, kila Jumatano baada ya Jumanne ya pili, kikundi kiisasishe mashine ya majaribio, kiilinganishe na zile ambazo hazijasasishwa, na kuandika matokeo. Mwisho wa mwaka shule itakuwa na kumbukumbu inayohusu mashine zake yenyewe, jambo ambalo mtengenezaji aliye mbali hawezi kuipatia.