Picha Waliyonyimwa Wapenzi wa Eva Smith

Ukimtajia msomaji An Inspector Calls, tamthilia ya Mwingereza J. B. Priestley, atakukumbusha Inspekta Goole, simu ya mwishoni na binti aliyejiua kwa kunywa dawa ya kuua vijidudu. Mimi niliporudi kuisoma nilinasa kwenye picha.

Ni usiku mmoja wa mwaka 1912. Familia ya Arthur Birling, mwenye kiwanda, inasherehekea uchumba wa binti yao Sheila na kijana Gerald Croft, ndipo Inspekta anabisha hodi. Anayo picha ya marehemu, Eva Smith. Anamwonyesha Birling peke yake. Gerald na Eric, mtoto wa kiume wa nyumba ile, wanasogea ili nao waione. Inspekta anawazuia, eti yeye huhoji mtu mmoja mmoja. Baadaye anasogea penye taa na kumwita Sheila. Sheila anaitazama, kilio kinamtoka, anakimbilia nje. Mwishowe mama mwenye nyumba, Sybil, anaitazama kavu na kudai hamjui. Basi, picha haitolewi tena.

Wanaume wawili waliolala na Eva, Gerald na Eric, hawaonyeshwi sura yake hata kidogo! Gerald anashtushwa na jina tu, Daisy Renton, ambalo Eva alijipa baadaye. Eric anarudi na kukuta wenzake wameshajua. Walioonyeshwa ni tajiri aliyemfukuza kwa kuwa miongoni mwa vinara wa mgomo, mteja aliyemponza dukani kwa sababu ya tabasamu, na mama wa kamati ya hisani aliyemnyima msaada akiwa mjamzito. Sisi watazamaji nasi hatuioni.

Sidhani Priestley alipitiwa. Katika maelekezo yake ya jukwaani anataka mwanga uwe wa waridi mpaka Inspekta aingie, kisha uwe mkali. Anasema Inspekta si lazima awe pande la mtu, ila uzito wake uhisiwe mara moja. Anayepima taa kwa makini hivyo hawezi kusahau nani kaona picha na nani hakuona.

Hata shilingi alizipima. Kabla ya kwenda vitani mwaka 1914 alikuwa karani katika ofisi ya wafanyabiashara wa sufu mjini Bradford, na akina Birling aliwafahamu kwa karibu. Wasichana wa kiwandani walilipwa shilingi 22 na peni 6 kwa wiki. Waliomba 25, wakakataliwa. Eric naye akaja kuiba kama pauni 50 za ofisi ya baba yake ili amsaidie Eva. Pauni ilikuwa shilingi 20. Kwa fedha hizo Eva angelipwa nyongeza aliyonyimwa kwa wiki 400. Aligundua ni za wizi, akakataa kupokea zaidi.

Halafu Gerald anaigeuza picha kuwa mlango wa kutokea. Nani kasema ilikuwa moja? Huenda kila mmoja alioneshwa msichana wake. Anapiga simu hospitali: hakuna binti aliyekufa kwa sumu usiku ule. Wazee wanashusha pumzi na kuanza kucheka. Sheila na Eric peke yao ndio wanaokataa kufarijika, mpaka simu inapolia: binti amekufa akipelekwa hospitali, na inspekta yuko njiani.

Je, Eva alikuwa mmoja au walikuwa kadhaa? Na kama walikuwa kadhaa, hatia ya familia ile inapungua au inaongezeka? Tamthilia, iliyochezwa kwanza Urusi ya Kisovieti mwaka 1945 na London mwaka uliofuata, haijibu. Kwa maoni yangu, Gerald aliuliza swali zuri kwa nia mbaya. Ukibahatika kuiona jukwaani, usimtazame Birling wakati picha inatolewa, mtazame Gerald.