Miezi minne ya Zanzibar

Tarehe 16 Machi 2017, mkutano mkuu wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF, mjini Addis Ababa, ulimng'oa Issa Hayatou aliyetawala tangu 1988. Alipata kura 20, Ahmad Ahmad wa Madagascar akapata 34. Siku hiyo hiyo mkutano ukaipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Barazani tulipokuwa, muuza kahawa aligonga vikombe vyake kama siku ya sikukuu, na mzee mmoja akatulipia sote. "Sasa na sisi tutapigiwa wimbo wetu," alisema, macho yakimlengalenga.

Julai, CAF hiyo hiyo ikaufuta uanachama ule. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na katiba ya FIFA nayo inataka nchi iwe dola huru inayotambuliwa na mataifa.

Ukiisoma peke yake, hoja hiyo haina kasoro. Lakini ifungue orodha ya wanachama 211 wa FIFA. Uingereza ni dola moja, ila England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini kila moja ina timu yake na kura yake, kwa kuwa vyama vyao vilikuwapo kabla ya FIFA kuzaliwa mwaka 1904. Cha England ni cha 1863. Na kuna zaidi. Bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, ina kura nane: nne za FIFA, nne za hao wanne wa Uingereza. Sheria haibadiliki bila kura sita. Kwa hiyo dunia nzima iliyobaki haiwezi kugusa hata sheria ya kurusha mpira mpaka wawili kati ya wanne hao waridhie.

Gibraltar je? Ni eneo la Uingereza, watu wapatao 40,000. Iligonga mwamba FIFA, ikaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo kule Lausanne, na mwaka 2016 ikaingia. Sensa ya 2022 ilihesabu Wazanzibari 1,889,773.

Mlango huu unalindwa kwa sababu ndani yake mna kura na fedha. Kura ya San Marino ni sawa na ya Brazil, na kwa miaka ya 2023 hadi 2026 kila mwanachama anaweza kupata hadi dola milioni 8 za maendeleo. Usawa huo naupenda kwa moyo wote. Kinachoniuma ni kwamba kutangulia kwa mwenye nguvu kumefanywa haki, na Zanzibar haikuhesabiwa.

Desemba ya mwaka ule ule, vijana wa Zanzibar walikwenda Kenya kwenye Kombe la Chalenji la CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati. Wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaitoa Uganda nusu fainali, na fainali Machakos wakawasawazishia wenyeji mara mbili, 2-2, kabla ya kulala kwa penalti. Michuano ya CECAFA inawaruhusu. Klabu zao pia hucheza mashindano ya CAF. Timu ya Zanzibar yenyewe, Kombe la Mataifa ya Afrika haiwezi hata kuwania kufuzu.

Agosti 2025 CAF ilileta mechi za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Nigeria, Senegal, Kongo na Sudan walijipanga mstari katikati ya uwanja, na kila mmoja akapigiwa wimbo wake.