WALIMU WA DAWA WASHIKANAPO MIKONO

Mwishoni mwa mwaka 2014, katika pande za Ituri na Haut-Uele, kaskazini-mashariki ya Kongo, watu walianza kuletwa hospitalini wakiwa na shingo zilizopinda, macho yaliyogeukia juu, na ulimi usiotii mwenyewe. Walikuwamo wakubwa na watoto. Waganga walidhani ni homa ya uti wa mgongo, maana homa hiyo nayo hukaza shingo. Lakini wagonjwa wakazidi kuongezeka mwezi kwa mwezi, na kufikia Agosti 2015 waliotibiwa walikuwa wamepita 1,000.

Je, ugonjwa huo ulitoka wapi? Mkojo wa baadhi ya wagonjwa ulipopimwa, na vidonge walivyovimeza vilipochunguzwa, siri ikatokea nje. Chupa ilikuwa imeandikwa diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Vidonge vyenyewe vilikuwa na haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili, ambayo ikitolewa pasipo kipimo huweza kukaza shingo na taya namna ileile. Mwezi wa Julai 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kwa nchi za Afrika ya Kati juu ya vidonge hivyo vya uongo.

Tazama vema, msomaji, jinsi siri hiyo ilivyofumbuliwa. Mwuguzi aliiona shingo iliyopinda, lakini hakuwa na macho ya kuona kilichomo ndani ya kidonge. Mpimaji alikiona kilichomo ndani ya kidonge, lakini hakuwa amemwona mgonjwa. Kila mmoja alikuwa na nusu ya ukweli. Ndiyo maana wazee wetu walisema kuwa kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI MATATU

Zamani mtu aliyesomea famasia alifundishwa zaidi kuchanganya dawa, kuipima na kuihesabu. Kazi yake ilikoma dirishani, dawa ilipotiwa mkononi mwa mgonjwa. Siku hizi walimu wa elimu hiyo wametambua kwamba haitoshi. Yafaa mfamasia aifuate dawa hata nyumbani, akiuliza maswali matatu: Je, dawa hii ni ya kweli? Je, hupatikana siku inapotakiwa? Je, mgonjwa huitumia ipasavyo?

Maswali haya ni mepesi kuyasema, lakini hakuna chuo kimoja kiwezacho kuyajibu peke yake. Chuo chenye mashine kubwa kiko mbali na soko. Chuo kilicho karibu na soko mara nyingi hakina mashine. Kwa hiyo walimu wa nchi mbalimbali wameanza kufanya utafiti pamoja na kufundisha pamoja. Na tuone mifano michache.

KINSHASA NA LIÈGE

Swali la kwanza, lile la dawa ya kweli na ya uongo, limewashughulisha kwa miaka mingi walimu wa famasia wa Chuo Kikuu cha Kinshasa na wenzao wa Chuo Kikuu cha Liège, huko Ubelgiji. Majina ya Jérémie Mbinze wa Kinshasa na Roland Marini wa Liège yameandikwa pamoja katika taarifa kadhaa za utafiti wao. Wamejifunza njia za kuzitambua dawa hafifu, hasa dawa za malaria, na miongoni mwa njia hizo ni vyombo vidogo vya kushikwa mkononi. Chombo hicho huipiga dawa mwanga, kisha huusoma mwanga unaorudi. Kila dawa hurudisha mwanga kwa namna yake, kama vile kila mtu alivyo na sauti yake.

Lakini mtu hawezi kuitambua sauti asiyowahi kuisikia. Lazima kwanza dawa ya kweli isomwe na kuwekwa katika kumbukumbu, ndipo ya uongo ijulikane. Hapo ndipo ushirikiano unapofaa. Huko Liège ziko mashine kubwa za kuhakikisha vipimo. Huko Kinshasa wako watu wajuao dawa zipi huuzwa, katika maduka ya namna gani, na zimekaa katika joto gani kabla ya kununuliwa. Mmoja akijitenga, kazi ya mwenzake hukwama.

ELDORET: DAWA IPO AU HAIPO?

Kwa swali la pili twende Eldoret, mji wa nyanda za juu magharibi ya Kenya. Hapo Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vimeshirikiana katika mafundisho ya uganga tangu chuo cha uganga cha Moi kilipokuwa kichanga, yapata mwaka 1990. Mwaka 2003 walimu wa famasia wa Chuo Kikuu cha Purdue, nao wa Indiana, waliingia katika urafiki huo. Wanafunzi wao huja kukaa Eldoret muda wa majuma 8, wakizunguka wodini pamoja na wenzao wa Kenya, wakiyasoma maandishi ya mgonjwa na kushauriana juu ya dawa anazopewa.

Walimu hao waliona jambo la kuhuzunisha. Mgonjwa hutoka mbali kwa miguu, hupimwa vizuri, huandikiwa dawa inayomfaa, kisha huambiwa dirishani kwamba dawa imekwisha. Elimu yote ya mganga huishia hapo! Basi tangu mwaka 2011 walianzisha maduka ya dawa ya mfuko wa mzunguko, karibu na hospitali na zahanati za serikali. Mpango wenyewe ni huu. Mgonjwa hutafuta kwanza dawa ya serikali. Akiikosa, hwenda katika duka la mfuko. Dawa huuzwa kwa bei iliyozidi kidogo ile ya kununulia, na fedha inayopatikana hununua dawa nyingine. Maskini asiyeweza kulipa hupunguziwa au kusamehewa.

Matokeo yake yakapimwa, yakaandikwa na kutangazwa mwaka 2016. Miongoni mwa walioandika ni Imran Manji, mfamasia wa Eldoret, na Sonak Pastakia wa Purdue. Mahali walipojaribu mpango huo, dawa za lazima zilikuwa zikipatikana chini ya mara 40 katika kila 100. Baada ya mfuko kuanza, zikapatikana zaidi ya mara 90.

KIPIMO NA CHUNGU CHA MBOGA

Swali la tatu, lile la kutumia dawa ipasavyo, nalo lina mfano wake huko Eldoret. Wako wagonjwa wa moyo na wa mishipa ambao damu yao huganda ovyo. Hao hupewa warfarini. Dawa hii ni kama kutembea juu ya gogo lililovuka mto: ikipungua, damu huganda na kuweza kuua, ikizidi, mgonjwa huvuja damu mpaka afe. Kwa hiyo lazima damu ipimwe mara kwa mara na kipimo cha dawa kirekebishwe.

Wafamasia wa Eldoret pamoja na wenzao wa Purdue walianzisha kliniki ya wagonjwa hao, nayo huendeshwa na wafamasia wenyewe. Kazi hii yahitaji zaidi ya elimu ya vitabu, kwa kuwa mboga za majani mabichi hupunguza nguvu ya warfarini. Mgeni kutoka Marekani aweza kuijua kanuni hiyo kwa moyo. Lakini ni mwenyeji ajuaye kwamba katika chungu cha jioni mna sukumawiki, au kwetu Katanga, sombe. Na kwamba mgonjwa hatakiwi kuacha mboga yake, bali ale kiasi kilekile siku zote. Mgeni alileta kanuni, mwenyeji alileta chungu, na mgonjwa akapona kwa vyote viwili.

KOLWEZI NAYO

Pengine msomaji wa Kingamyambo au wa Musonoi atasema, “Hayo ni mambo ya mbali.” Sivyo. Kolwezi imekwisha kuuona ushirikiano wa namna hii. Mwaka 2014 katika mtaa wa Kasulo madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za watu, na upesi mashimo yakachimbwa katikati ya makao. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, na wenzao, walipima vumbi, damu na mkojo wa watu wa Kasulo, wakawalinganisha na wakaaji wa mtaa mwingine usio na machimbo. Taarifa yao ilitoka mwaka 2018. Watu wa Kasulo walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini, na watoto ndio waliozidi wote.

Kweli, hiyo ni elimu ya sumu, si ya dawa. Lakini elimu hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja. Kinachozitenga ni kipimo tu. Nao wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walifuata njia ileile: wenyeji waujuao mtaa na wageni wenye maabara wakafanya kazi moja, na jambo lililokuwa likinong’onwa tu likawa na hesabu isiyoweza kukanushwa.

MIIBA YA NJIANI

Tusidanganyane, ushirikiano huu una miiba yake. Wako wageni ambao huja, hukusanya damu na majibu ya watu, huondoka, na waliopimwa hawasikii tena neno. Taarifa nyingi huandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wauguzi wengi wa Lualaba hawaisomi. Tena fedha ya kutoka mbali yaweza kukatika siku moja. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani iliifunga USAID, idara yake ya misaada, na kazi nyingi za tiba katika Afrika, pamoja na zile za Eldoret zilizoitegemea, zikatikisika.

Kwa hiyo yafaa kila ushirikiano uulizwe jambo moja: Wageni wakiondoka kesho, kitabaki nini? Mfuko wa mzunguko una jibu, kwa maana fedha ya kidonge cha leo ndiyo inunuayo kidonge cha kesho. Mwanafunzi aliyefundishwa vema ana jibu, kwa maana atamfundisha mwingine. Mashine iliyoletwa bila fundi wa kuitengeneza haina jibu.

WAJIBU WETU

Huko Kingamyambo kila mtu ayajua mabaki ya mawe yaliyosagwa, yaliyotupwa miaka mingi kama takataka. Baadaye watu wenye ujuzi mwingine waliyarudia, wakapata ndani yake shaba na kobalti. Daftari la zahanati ni kama mabaki hayo. Mwuguzi huandika: dawa fulani, kipimo fulani, mgonjwa amerudi, mgonjwa ametapika. Kwake ni kazi ya kila siku. Kwa mtafiti ni madini. Lakini daftari likiandikwa kwa uzembe, hakuna profesa wa Lubumbashi wala wa Ulaya atakayetoa kitu ndani yake.

Basi, wauguzi na wauza dawa, andikeni kwa uaminifu. Wazazi, itunzeni karatasi au chupa ya dawa mpaka mgonjwa apone. Na dawa ikileta jambo lisilotazamiwa, ipelekeni pamoja na mgonjwa kwa mganga. Msiitupe kwa aibu, maana yaweza kuwaokoa wengine. Nanyi wanafunzi, msidharau hesabu, kemia wala lugha za kigeni, kwa kuwa siku moja yafaa mwenyeji wa Lualaba awe mezani pamoja na wataalamu wa vyuo vikuu, naye awe mwenye kuuliza swali, si mwenye kupimwa tu.

Kidonge ni kidogo kuliko punje ya hindi, lakini kukijua sawasawa kwahitaji macho ya watu wengi. Watu wa Ituri walijifunza hayo kwa machozi. Sisi na tujifunze kwa kusikia.