Kabla ya kuchanga, tuulize jengo likoje

Hapa Malaz, mjini Riyadh, tukiombwa mchango wa shule ya nyumbani, swali letu la kwanza huwa ni bei ya saruji. Halitoshi. Machi 2002 wasichana 15 walikufa katika moto wa shule mjini Makka. Jengo lilikuwa la kupanga, limejaa wanafunzi kupita kiasi.

Mwaka huohuo Tanzania ilianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM. Kamati za shule zilipewa ruzuku ya majengo, na zilitakiwa kuandaa mpango wa mahitaji ya shule.

Basi ndugu zetu, kabla ya kutuma riyali tuiombe kamati mpango wake: paa lipi limeoza? Vyoo vingapi? Moto ukizuka, watoto watatokea wapi?